Chumvi Inaishia Wapi? Kuisoma Delta ya Rufiji

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivizia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, ikaizamisha, kisha ikatoweka. Waingereza waliisaka pwani nzima kwa wiki kadhaa. Meli yenye urefu wa zaidi ya mita 110 haipotei hivi hivi, lakini ile ilipotea, kwa sababu ilikuwa imeingia ndani ya delta ya mto Rufiji, mahali ambapo kwa ramani za Waingereza hapakuwa na njia ya kupitisha chombo kikubwa namna ile. Wajerumani walikuwa wameipima upya milango ya mto, wakajua mkono upi una kina na maji yakijaa kiasi gani panapitika. Ilipogunduliwa mwishoni mwa Oktoba, bado vita vya kuimaliza vilifika Julai 11, 1915, tena kwa kuleta meli mbili zenye kitako kifupi, zisizozama sana majini, Severn na Mersey, na ndege za kuangalia mizinga inaangukia wapi huko nyuma ya mikoko. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, kwa anayetaka kuuona.

Wasimulizi wa vita hivyo ni wengi. Kinachonivutia mimi ni ile ramani. Walioichora hawakuwa wazembe. Walipima mahali ambapo hapatulii. Mkondo uliokuwa na kina mwaka huu, baada ya masika kadhaa unaweza kuwa fungu la mchanga, na palipokuwa na fungu pakaota msitu. Hata mstari wa pwani wenyewe unategemea umefika saa ngapi. Ndiyo maana naona njia nyepesi ya kuielewa delta ni kuacha kuuliza mto unaishia wapi, ukauliza chumvi ya bahari imefika wapi leo. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua tope litue wapi, mti gani uote, kamba wakulie wapi na nani avune mpunga.

Maji ya mbali, kisiwa cha karibu

Rufiji huanza kuitwa Rufiji pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kwenye maporomoko ya Shuguli. Mbele yake unapokea Ruaha Mkuu. Kilombero peke yake huchangia takriban asilimia 62 ya maji yote, Luwegu kama 18, na Ruaha Mkuu, pamoja na umaarufu wake wote, kama 15 tu. Bonde zima lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kwa hiyo maji yanayopita mbele ya vijiji vya delta, wilayani Kibiti, yanaweza kuwa ni mvua iliyonyesha Makete, Mufindi, Mahenge au Namtumbo, na kila yalikopita yamekwangua udongo. Kila mwaka mamilioni ya tani za tope na mchanga huteremka pamoja nayo.

Lakini kubeba tope hakutoshi kujenga delta. Mto Kongo ndio wenye maji mengi kuliko mito yote ya Afrika, na hauna delta ya maana: korongo la chini ya bahari linaanzia ndani ya mlango wake wenyewe na kuyapeleka mashapo moja kwa moja vilindini. Pangani nao unaingia baharini kwa mlango mmoja. Rufiji umepata vyote viwili, mzigo mkubwa na mahali pa kuutua. Mafia iko mbele yake, umbali wa kilomita ishirini na kitu, ikiyavunja mawimbi ya bahari kuu kabla hayajafika bara, na maji yaliyo kati ya kisiwa na bara ni mafupi. Tope likimwagwa pale halisombwi lote. Liliporundikana, mto ulijizibia njia, ukatafuta nyingine, ukagawanyika, ukajizibia tena. Hivi sasa delta imetanda ufukweni kwa takriban kilomita 70, ikiwa na mikono mingi: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mingineyo. Kati ya mikono hiyo kuna visiwa vya tope na mahori, vijito vya maji ya kujaa na kupwa, yanayojipinda, ambayo mgeni akiingia bila mwenyeji anaweza kuzunguka hadi maji yampwee hapo alipo, akae kwenye tope akisubiri yajae tena.

Kabari chini ya mtumbwi

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo maji hayo ni mazito kuliko ya mto. Yakikutana hayachanganyiki papo hapo. Maji baridi, yale yasiyo na chumvi, hupita juu yakielekea baharini. Maji chumvi hupenya chini yake yakielekea bara, membamba mbele na manene nyuma, kwa umbo la kabari. Wakati wa masika mtu aliye kwenye mtumbwi anaweza kuchota maji yanayonyweka huku ndoano yake, mita chache chini, iko baharini.

Kinachoivuruga kabari hiyo ni kujaa na kupwa. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyopwa hufika mita 3 hadi 4; kwenye maji mafu, siku za nusu mwezi, hupungua sana. Mita 3 ukutani si nyingi, ila kwenye ardhi iliyo tambarare kama delta zinamaanisha bahari kusafiri kilomita nyingi kwenda ndani kisha kurudi, na mkondo wake ukiwa na nguvu hukoroga maji ya juu na ya chini mpaka yanakuwa ya chumvichumvi tangu juu hadi sakafuni. Maji mafu yakirudi, kabari inajipanga upya. Anayesubiri chombo Nyamisati avuke kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, anaijua hesabu hii bila kuisomea, kwani saa za vyombo vidogo hupangwa na maji.

Juu ya mapigo hayo ya mwezi kuna pigo la mwaka. Aprili mto umefurika na chumvi imesukumwa nje hadi midomoni. Oktoba na Novemba mto umenywea, na bahari inapanda hadi vijiji ambavyo miezi michache nyuma vilikuwa vinateka maji ya kupikia mtoni. Tena mikono yote haifanani. Mto ukiamua kupitisha maji yake mengi kwenye mkono mmoja, mkono huo hubaki na maji baridi, na wa jirani, kilomita chache tu kutoka hapo, ukawa kama ghuba ya bahari. Jambo hilo lishike, kwa sababu nitalirudia kwenye mpunga.

Tope linashuka wapi

Mchanga una uzito wake, hivyo mto ukipunguza mwendo huuangusha. Ndio unaotengeneza mafungu mbele ya midomo, yale ambayo mawimbi huyasogeza kila msimu na kuwafanya manahodha wasiamini kumbukumbu zao za mwaka jana. Mfinyanzi una mambo yake. Chembe zake ni ndogo mno, na kila moja imebeba chaji ya umeme inayofanana na ya mwenziwe, kwa hiyo zinasukumana na kuelea bila kutua, hata kwenye maji yaliyotulia. Zikifika penye chumvi, chaji ile inafifishwa, chembe zinashikana, zinakuwa vibonge, vibonge vinazama. Ndiyo kusema tope halitui popote tu. Linatua kwa wingi kwenye ukanda ule ambao mto unaonja chumvi kwa mara ya kwanza. Ukanda huo ukisogea kilomita tano, kiwanda cha ardhi nacho kimesogea kilomita tano.

Tope la hapo ni laini kiasi kwamba hewa haipenyi. Ukichimba kwa kidole, juu ni la hudhurungi, na sentimita chache chini ni jeusi lenye harufu ya mayai viza. Harufu hiyo si uchafu wa watu. Bakteria wa chini, kwa kukosa oksijeni, hutumia salfati iliyomo kwenye maji ya bahari, na wanachotoa ni gesi hiyo inayonuka. Kwa sababu hiyo hiyo majani na mizizi iliyozikwa humo haiozi upesi, na kaboni yake hukaa chini miaka na miaka. Siku hizi mikoko inazungumzwa sana kwenye mikutano ya tabianchi, na wengi hudhani sifa ni ya miti peke yake. Akiba kubwa imo ndani ya lile tope jeusi.

Miti minane, kila mmoja na kipimo chake

Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara na msitu mkubwa wa aina hiyo usiokatika kuliko wote Afrika Mashariki. Kwa aliye mbali ni ukuta mmoja wa kijani. Kwa aliyezaliwa humo ni aina nane za miti, na akiutazama mti anajua yuko wapi.

Mbele kabisa, unakotazamana na bahari, ni mlilana, unaovumilia kusimama majini muda mrefu. Kingo za mahori zimeshikwa na mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina na kujikita pande zote. Nyuma yake wamo msinzi na mkandaa, na karibu na nchi kavu kikandaa. Mchu ni msumbufu wa kupanga: unaota mbele kwenye tope jipya na unaota tena nyuma kabisa, ambako jua limekausha maji na chumvi imezidi hata ya bahari. Ukipanda na mto kwenda juu, ambako maji yanakaribia kuwa baridi, unaanza kuona mkomafi, wenye tunda la mviringo linaloenea viganja viwili, na msikundazi. Miti hiyo miwili ikijaa kingoni, chumvi ya hapo ni kidogo. Mimi naiamini kuliko ramani nyingi.

Namna inavyoishi na chumvi inatofautiana. Mkoko huizuia mlangoni: mizizi yake huyapitisha maji na kuiacha nje sehemu kubwa ya chumvi. Mchu huiruhusu iingie, kisha huitoa kwa matezi yaliyo kwenye majani. Chuma jani la mchu saa za mchana, siku ambayo haijanyesha, ligeuzegeuze kwenye mwanga. Utaona vipunje vinavyometameta. Pitisha ulimi, ni chumvi kamili. Kuhusu hewa nako kila mmoja ana ujanja wake. Mizizi ya mchu hutambaa chini ya tope na kuchomoza juu kwa mamia, wima kama penseli, ikivuta hewa maji yanapokupwa. Mizizi ya mkoko ina vitundu kwenye ile sehemu iliyo juu ya maji. Na mkoko hauangushi mbegu ya kawaida. Mbegu yake huota ikiwa ingali mtini, ikarefuka kuwa mche unaoning'inia ukielekea chini, ambao ukianguka wakati wa kupwa unaweza kuchoma tope na kusimama hapo hapo, na ukianguka wakati wa kujaa unaelea kwenda kutafuta pengine.

Miche hiyo ya mkoko ni mikubwa, rahisi kukusanya na rahisi kuchomeka, na hapo ndipo miradi mingi ya kupanda mikoko duniani ilipojikwaa. Watu huipanda kwenye tope lililo wazi mbele ya bahari, mahali pa mlilana au mchu, au mahali ambapo hapajawahi kuwa na mti, wanapiga picha, na baada ya miezi kadhaa hakuna kitu. Pakiwa na maji ya kiwango sahihi na msitu ulio hai jirani, mara nyingi mbegu hujileta zenyewe.

Msitu huu haujawahi kuwa pori lisiloguswa. Kwa karne kadhaa umeuzwa nje kwa majahazi yaliyokwenda na Kusi hadi Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea. Biashara hiyo ilikuwa na madaraja yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Vyumba vya nyumba za kale za mawe, Lamu na Unguja, ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake ulikuwa urefu wa boriti moja. Magome nayo, hasa ya mkandaa na mkoko, yalikuwa bidhaa ya kutengenezea ngozi. Usafirishaji wa miti nje umekoma, ila fito na boriti za ndani, na mkaa, bado zina wateja.

Chini ya miti hiyo yuko mfanyakazi asiyesifiwa, kaa mdogo wa mikokoni. Majani yakianguka yeye huyakokota hadi shimoni kwake kabla maji hayajayabeba. Kwa hiyo chakula kinabaki msituni, na mashimo yake yanapitisha hewa na maji kwenye tope ambalo lingekuwa limeziba. Palipo na kaa wengi miti hustawi. Mkulima wa mpunga, kama tutakavyoona, ana maoni mengine juu ya mnyama huyu.

Nje ya msitu

Mikoko imetuteka macho, lakini ardhi oevu ya mlango wa mto ina vyumba vingine. Maji yakipwa, mbele ya msitu huachwa viwanja vya tope wazi vilivyojaa minyoo na chaza wadogo, na kati ya Septemba na Aprili hufurika ndege wa mwambao waliokimbia baridi ya kaskazini ya dunia. Nyuma ya msitu kuna majangwa madogo ya chumvi, sehemu zinazofikiwa na bamvua kubwa tu. Jua hukausha, chumvi hubaki, na hakuna kinachoota isipokuwa mimea michache ya majani manene. Upande wa mto vinaanza vinamasi vya maji baridi, matete na mikindu, makazi ya viboko na mamba. Upande wa bahari, pale tope linapopungua na mwanga kufika sakafuni, kuna malisho ya majani ya bahari yanayolisha kasa na nguva, mnyama ambaye hapa nchini amebaki kwenye maji haya zaidi kuliko kwingine kokote, tena wachache mno. Matumbawe huyaoni karibu na mto, kwani hayastahimili maji baridi wala tope. Yanaanza upande wa Mafia. Msitu ukizuia tope bara, matumbawe yanapata maji safi kisiwani.

Ndiyo maana mwaka 2004 eneo lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, halikuishia kwenye delta. Linaitwa Rufiji-Mafia-Kilwa na lina hekta karibu 597,000. Mkataba huo unahesabu kama ardhi oevu hata bahari yenyewe, mradi kina chake maji yakipwa kisizidi mita 6.

Kamba hawaishi mahali pamoja

Hakuna kiumbe kinachoeleza delta vizuri kama kamba. Kamba mkubwa hutaga baharini. Viluwiluwi vyake huelea, hubebwa na maji yanayojaa na kuingia mahorini, na huko, kati ya mizizi, kwenye maji ya chumvichumvi yaliyojaa majani yanayooza na yasiyo na samaki wakubwa wengi, hukaa miezi michache wakikua. Mvua za masika zikizidisha maji baridi wanateremka kurudi baharini, na hapo ndipo wavuvi huwangoja. Sehemu kubwa ya kamba wa Tanzania hutoka kwenye maji haya ya Rufiji na Mafia. Kwa hiyo anayekata msitu wa Msala anapunguza kamba watakaovuliwa nje kabisa ya delta, na anayewamaliza wakubwa nje anayakausha mahori ya Msala. Ugomvi wa miaka mingi kati ya wavuvi wadogo na meli za kukokota nyavu ulikuwa ugomvi juu ya mnyama mmoja aliye na nyumba mbili.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulitolewa mpango wa kujenga mabwawa ya kufugia kamba ndani ya delta, kwenye eneo la takriban hekta 10,000. Wanavijiji waligawanyika, wengi walipinga, mambo yakafika mahakamani, na mwishowe mradi haukujengwa. Kwa maoni yangu hesabu yake ilikuwa na kasoro ya waziwazi: ilitaka kuondoa kitalu cha asili kinachozalisha kamba bure ili kuweka kitalu cha kulipia.

Mpunga unaomwagiliwa na bahari

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wageni wengi hulikosea. Watu husikia kwamba delta ya chumvi inalimwa mpunga na hudhani ni ubishi au umaskini tu. Ukitazama maji, ni elimu.

Wakati wa masika mto una maji baridi mengi. Bamvua ikijaa, bahari huyafungia njia yale maji ya mto. Hayawezi kutoka, basi yanapanda. Yanapanda juu ya kingo na kutandaa mashambani, na kinachoingia shambani si maji ya bahari yaliyofika bali maji baridi yaliyorudishwa nyuma nayo. Maji yakipwa, shamba linajimwaga. Hakuna pampu wala mfereji wa zege. Mwezi unamwagilia mara mbili kwa siku, na kila mara unaacha tabaka jipya la udongo wa Kilombero. Masharti ni mawili. Shamba liwe kwenye mkono unaopitisha maji baridi ya kutosha, na mpunga uwe umekomaa kabla mto haujanywea na chumvi kurudi.

Shida ni kwamba shamba zuri la namna hii ni pale pale palipo na mikoko, sehemu ya maji baridibaridi. Hufyekwa au kuchomwa, mpunga ukapandwa kati ya visiki. Miaka ya mwanzo mavuno huwa mazuri. Kisha kaa, ambao majani yao yameondolewa, wanageukia miche michanga ya mpunga na kuikata usiku, mkulima anarudishia mara ya pili na ya tatu, magugu yanaongezeka, familia zinalala kwenye madungu zikifukuza ndege, nguruwe na viboko. Baada ya miaka kadhaa shamba huachwa na kufyekwa jingine. Mikoko yote ni msitu wa hifadhi kisheria, kwa hiyo mvutano kati ya maofisa wa misitu na wakulima haujapoa tangu ukoloni.

Ni rahisi kumlaumu mkulima. Lakini tazama kilichotokea. Zamani maji mengi ya Rufiji yalitokea kusini mwa delta. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko makubwa, mto ulihamishia wingi wa maji yake mikono ya kaskazini. Mashamba ya kusini yakaingiliwa na chumvi; ya kaskazini, ambako msitu ulikuwa umezoea chumvi, yakapata maji baridi. Watu wakayafuata. Ramani za satelaiti zinaonyesha mikoko ikifyekwa kaskazini na hapo hapo ikisonga mbele kusini. Aliyehama alikuwa anafuata mstari wa chumvi, kama vile msikundazi na mkomafi wanavyoufuata, ila yeye ana miguu na hao wana mbegu.

Bwawa juu, bahari chini

Desemba 2022 lilianza kujazwa bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye korongo la Stiegler, mradi wa megawati 2,115. Ukitazama ramani, liko chini ya makutano yote: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu zote zinaingia juu yake. Karibu kila tone na karibu kila chembe ya tope iendayo delta sasa inapita kwanza kwenye ziwa hilo.

Mjadala mwingi umekuwa juu ya kiasi cha maji, na naona umekosea mlango. Maji ya kuzungusha mitambo hayapotei, yanashuka. Kinachobadilika ni majira yake. Bwawa la umeme hupenda kuhifadhi masika na kutoa kiangazi, kwa hiyo tegemea Aprili isiyofurika kama zamani na Oktoba yenye maji kuliko zamani. Mstari wa chumvi, ambao ulikuwa unakwenda na kurudi umbali mrefu kila mwaka, utacheza mahali pafupi zaidi. Wanaoteka maji ya kunywa mwezi wa kumi wanaweza kufurahi. Kamba wanaosubiri maji ya masika ili washuke, mpunga unaohitaji mto mnene wa kurudishwa nyuma na bamvua, na wakulima wa mlau kule juu ya delta, wanaopanda kwenye unyevu mafuriko yakishaondoka, hao hawana sababu hiyo. Kwamba mafuriko yamekwisha kabisa, hapana. Mwaka 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika vibaya, bwawa likiwapo.

La tope ndilo zito zaidi. Kwenye ziwa lililotulia mashapo yanashuka, na maji yanayotoka chini ya ukuta ni mepesi. Maji mepesi hula kingo na sakafu ya mto ili yajipatie mzigo mpya, kwa hiyo kwa miaka ya kwanza delta inaweza isione tofauti, ikipokea udongo uliokwanguliwa kati ya bwawa na pwani. Wakati huohuo tope la delta hujishindilia na kushuka lenyewe polepole, na usawa wa bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 20 tangu 1900. Mikoko inaweza kupanda pamoja na bahari pale tu inapoletewa udongo. Isipoletewa, itasogea bara, na bara tayari kuna mashamba ya mpunga.

Kujua haya yanaendaje hakuhitaji maabara kubwa. Kipima chumvi cha mkononi kinachukua tone moja la maji. Unaliweka kwenye kioo, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma. Vijiji vichache, mkono wa kaskazini na mkono wa kusini, vikipima siku ileile ya bamvua ya Aprili na ya Oktoba, maji yakiwa yamejaa, juu na chini ya mtumbwi, kwa miaka kumi mfululizo, tutakuwa na rekodi ya delta ambayo si Wajerumani wala Waingereza waliwahi kuwa nayo, na yenye manufaa kwa mvuvi, kwa bwana misitu na kwa anayefungua milango ya bwawa.